Kadari na Kalafati: Dhamana ya Muunda Chombo

Popote panapoundwa na kukarabatiwa vyombo vya baharini lipo swali moja ambalo tezo na nyundo haziwezi kulijibu: chombo kikizama na roho zikapotea, nani wa kuulizwa? Jibu la haraka la watu wa mwambao husikika msibani: ajali haina kinga, na kazi ya Mungu haina makosa. Jibu hilo lina ukweli wake, kwa kuwa Mwislamu anaamini kadari, heri yake na shari yake. Likiachwa peke yake, hata hivyo, humtua fundi, tajiri wa chombo na mkaguzi mzigo ambao dini yenyewe imewatwika. Namna kazi ya uundaji inavyopangwa, zana zinavyotumika na kila mtu anavyopewa sehemu yake, ndiyo njia ya kulijibu swali hilo kabla chombo hakijaingia majini.

Kiwayu ni mahali ambapo swali hili halikwepeki. Ni kisiwa chembamba na kirefu kaskazini-mashariki mwa funguvisiwa la Lamu, karibu na mpaka wa Somalia, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kiunga iliyotangazwa mwaka 1979. Upande wa mashariki kinapigwa na bahari kuu. Upande wa magharibi yako maji matulivu yanayokitenga na bara, kilipo kijiji cha Mkokoni. Wenyeji wake ni Wabajuni, watu wa uvuvi wa samaki na kamba. Mchele, mgonjwa, mwalimu na saruji vyote hufika kwa maji. Katika kisiwa cha namna hii, chombo kibovu ni hatari ya mji mzima, hata kama mwenye nacho ni mmoja.

Kiwayu haina gudi wala krini. Kazi ya gudi hufanywa na bahari yenyewe. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hupanda na kushuka karibu mita 3. Chombo huletwa ufuoni maji yakiwa yamejaa, kikakingwa pande zote kwa magadi, yaani nguzo za mikoko, na maji yakitoka hubaki kimesimama pakavu. Fundi ana saa chache tu kabla maji hayajarudi. Katika saa hizo mwani na magamba hukwanguliwa, mwenge wa makuti hupitishwa chini ya chombo kuua vijidudu vinavyotoboa mbao, nyufa huzibwa, na deheni ya chokaa na shahamu hupakwa. Kazi kubwa zaidi hungoja kusi kali, kuanzia Mei hadi Julai, bahari inapochafuka na vyombo vingi kupumzika nchi kavu.

Majahazi na mashua kubwa huundwa kwingine katika visiwa hivyo hivyo, kama Matondoni katika kisiwa cha Lamu na Kizingitini katika kisiwa cha Pate. Huko kila mtu hujua nafasi yake. Tajiri hutoa fedha na kununua mbao. Fundi mkuu hukadiria umbo na vipimo. Chini yake wako mafundi waliokomaa, na chini yao vijana wanaojifunza, mara nyingi watoto au wapwa wa mafundi, wanaoanza kwa kushika mbao na kunoa zana. Mchoro wa karatasi haupo. Vipimo vimo kichwani mwa fundi mkuu, kwa shubiri, dhiraa, uzi na jicho. Kwanza hulazwa mkuku, kisha husimamishwa hanamu mbele na fashini nyuma. Mbao za ubavuni na mataruma hufuata, halafu darumeti za kubebea sitaha, na mwisho mlingoti, foromali na tanga. Zana ni tezo, msumeno, randa, patasi, nyundo na keekee, ingawa siku hizi hata drili za umeme zimeingia.

Kazi mbili zinastahili kutazamwa kwa karibu. Ya kwanza ni taruma. Taruma lililochongwa kutoka ubao ulionyooka hupasuka kwenye pindo, kwa sababu nyuzi za mti zimekatwa njiani. Kwa hiyo fundi huingia mikokoni akatafuta mlilana au mkomafi uliopinda wenyewe kwa kiasi kile kile anachokihitaji, ili nyuzi zifuate pindo lote bila kukatika. Ya pili ni kalafati. Misumari ikishapigwa, kila mwanya kati ya ubao na ubao hujazwa pamba iliyolowa mafuta, ikashindiliwa kwa patasi butu na nyundo. Mlio hubadilika kadiri mwanya unavyojaa: mwanya mtupu una sauti yake, na mwanya ulioshiba una sauti yake. Fundi mzoefu husikiliza kuliko anavyotazama.

Hapo kwenye kalafati ndipo swali la dini linapoingia kazini. Deheni ikishapakwa, mwanya ulioshindiliwa vizuri na ule uliozibwa ovyo huwa na sura moja. Tajiri hawezi kuutofautisha, wala nahodha, wala mama atakayepanda na mwanawe kwenda hospitali ya Lamu. Anayejua ni fundi na Mola wake. Mafundisho ya Kiislamu yana daraja inayoitwa ihsani, yaani kumwabudu Mungu kana kwamba mja anamwona, na akiwa hamwoni, kujua kwamba yeye anaonekana. Daraja hiyo huzungumzwa zaidi katika sala na kisomo. Lakini ipo wazi zaidi katika kazi iliyofichika chini ya rangi, ambayo hakuna jicho la mtu litakaloikagua na maisha ya watu wasiojulikana yanaitegemea.

Wanazuoni wa fikihi hawakuliachia jambo hili dhamiri peke yake. Waliuliza: fundi anayepokea mali za watu wengi, awe mshonaji, mtia rangi au seremala, kitu kikiharibika mkononi mwake, mkono huo ni wa amana au wa dhamana? Mwenye mkono wa amana halipi ila akizembea au akivuka mpaka. Mwenye mkono wa dhamana hulipa kwa vyovyote. Imepokewa kwamba Sayyidna Ali aliwatoza mafundi, kwa hoja kwamba mambo ya watu hayatengenei bila hivyo. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi katika visiwa vya Lamu, kauli yenye nguvu ni kwamba fundi ni mwaminiwa na halipi pasipo uzembe. Hata hivyo Rabii, mwanafunzi wa Imamu Shafi, alisimulia kuwa Imamu mwenyewe aliielekea rai hiyo lakini akasita kuitangaza, kwa kuchelea mafundi waovu wasije wakaifanya kichaka cha kujifichia.

Mvutano huo una mafunzo makubwa. Sheria ikimtoza fundi kila ajali, hata ile ya tufani isiyo ya kawaida, hakuna kijana atakayejifunza ufundi huo. Ikimsamehe kila ajali, watakufa watu kwa pamba ya senti chache. Mizani iliyo katikati ni uzembe. Na uzembe hauwezi kujulikana mahali ambapo haijulikani kazi sahihi ni ipi na nani aliyekabidhiwa kuifanya. Kwa hiyo mpangilio wa kazi una uzito wa kimaadili, licha ya faida yake kwa biashara. Pasipo mpangilio lawama haina pa kukaa, na lawama isiyo na pa kukaa husukumiwa kadari.

Upo upinzani mzito kwa hoja hii. Kama Mungu ndiye muumba wa kila tendo, kama wanavyofundisha Ashari, ambao itikadi yao ndiyo iliyofuatwa na wanazuoni wengi wa mwambao, fundi ana nini cha kujibu? Ashari wenyewe walilijibu. Walisema Mungu huumba tendo, na mja hulikasibu. Kulikasibu huko, kwa nia na hiari yake, ndiko kunakomfunga hesabu. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikanusha kwamba moto huunguza pamba kwa nguvu zake wenyewe. Lakini ni Ghazali huyo huyo aliyefundisha katika kitabu chake cha Ihya kwamba mwenye njaa anayekataa kunyoosha mkono kwenye chakula kilicho mbele yake, akidai tawakali, hajaijua tawakali. Sababu ni desturi ya Mungu katika uumbaji wake. Anayeipuuza desturi hiyo hawezi kudai kwamba anamtegemea aliyeiweka.

Kisa cha Nabii Nuhu kinalithibitisha jambo hilo kwa lugha ya mafundi. Mungu aliweza kumwokoa Nuhu bila ubao hata mmoja. Badala yake, kwa mujibu wa Surat Hud, alimwamrisha aunde safina, na Nuhu akaiunda huku watu wakimpita na kumcheka. Surat al-Qamar nayo inaitaja safina hiyo kwa mbao na misumari yake. Wahyi ulikuja, na bado kazi ilibidi ifanywe. Kama mtume aliyeahidiwa kuokoka hakusamehewa kazi ya mikono, fundi asiye na ahadi kama hiyo ana sababu ndogo zaidi ya kuruka mwanya mmoja.

Kisa cha pili kimo katika Surat al-Kahf, na kinatumiwa vibaya mara nyingi. Mja mwema anayejulikana kwa jina la Khidhri alipanda jahazi la maskini waliokuwa wakichuma riziki baharini, akalitoboa. Nabii Musa akampinga papo hapo. Baadaye Khidhri alieleza kuwa mbele yao alikuwapo mfalme aliyenyang'anya kila chombo kizima, na ile kasoro ndiyo iliyowaokoa wenye jahazi wasipoteze mali yao. Wapo wanaochukua kisa hiki kuwa ushahidi kwamba kila tundu lina heri iliyojificha. Hilo si fundisho lake. Khidhri alitenda kwa elimu maalumu aliyopewa, na asiye na elimu hiyo anabaki katika hukumu ya Musa: atoboaye chombo cha watu ajibu. Heri inayoweza kutoka katika msiba ni siri ya Mungu, na hakuna fundi aliyekabidhiwa siri hiyo.

Dhamana pia haiishii kwa fundi. Hadithi iliyomo katika mkusanyiko wa Bukhari inapiga mfano wa watu waliogawana chombo, wengine juu na wengine chini. Wa chini, waliochoka kupanda juu kuteka maji, wakaazimia kutoboa tundu sehemu yao. Wakiachwa, wote huangamia. Wakizuiwa, wote huokoka. Kwa uzito wa mfano huo, tajiri anayekataa kununua pamba mpya, nahodha anayepakia kupita kiasi na abiria anayeyaona maji ngamani na kunyamaza, kila mmoja ana sehemu yake. Kusema hapa kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama hakutoshi. Amri iwe ya mmoja, lakini haki ya kusema chombo hiki kibovu ni ya wote.

Viwanda vikubwa vya meli vimejengwa juu ya mgawanyo huo huo wa dhamana, kwa vyuma na karatasi. Kenya inavyo Mombasa, ambako kampuni ya African Marine and General Engineering ina gudi lake kwenye hori la Mbaraki, na Kisumu, inakoendeshwa karakana ya Kenya Shipyards Limited, shirika lililoanzishwa mwaka 2020 chini ya Wizara ya Ulinzi. Katika kiwanda cha namna hiyo kazi huanzia ofisi ya michoro, ambako umbo, uzito na uthabiti wa meli hukokotolewa. Mabamba ya chuma hutoka ghalani, yakakatwa na kukunjwa karakanani, yakachomelewa kuwa vipande vikubwa, kisha krini huvipeleka kwenye mteremko wa kushulia au ndani ya gudi na kuunganishwa. Meli ikishashuliwa hufungwa gatini ili kuwekewa mitambo, nyaya na mabomba, na mwisho hupelekwa majini kwa majaribio.

Kwa ukarabati, gudi hufanya lile ambalo bamvua hufanya Kiwayu, ila kwa saa inayochaguliwa na binadamu. Meli huingia, lango hufungwa, pampu hutoa maji, nayo hukaa juu ya magogo yaliyopangwa kufuata mkuku wake. Hapo unene wa mabamba hupimwa, kwa kuwa kutu hula chuma pasipoonekana. Mshono wa kuchomelea ni ndugu wa kalafati: rangi ikipita, mzuri na mbaya hufanana. Kwa hiyo mishono hukaguliwa kwa eksirei au kwa mawimbi ya sauti, na anayekagua hatakiwi kuwa ndiye aliyechomelea. Kila hatua ina saini ya mtu.

Kwamba mkaguzi asiwe mwenye mali wala mjenzi, ni fikra iliyokuja kwa gharama. Lloyd's Register, jumuiya kongwe ya kuainisha meli, ilianzia London mwaka 1760 kwa haja ya watoaji bima kujua hali ya vyombo. Karne iliyofuata, mbunge Samuel Plimsoll alipigana na matajiri waliopakia meli kuukuu kupita kiasi huku wakizikatia bima kubwa, hata kuzama kukawa na faida. Sheria ya mwaka 1876 ikalazimisha alama ya kikomo cha shehena ipakwe ubavuni mwa meli. Baada ya Titanic kuzama mwaka 1912, mataifa yalitia saini mwaka 1914 mkataba wa kwanza wa usalama wa maisha baharini. Plimsoll, Mkristo wa Uingereza, na wanafikihi waliowatoza mafundi, walifika mahali pamoja: uaminifu wa mwenye mali hautoshi pale anayekufa ni mwingine.

Afrika Mashariki imelipa gharama yake pia. Kivuko cha Mtongwe kilipinduka Mombasa tarehe 29 Aprili 1994 na kuua watu wapatao 270. MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, MV Spice Islander I kati ya Unguja na Pemba tarehe 10 Septemba 2011, na MV Nyerere karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Katika misiba hiyo yote idadi ya watu chomboni ilizidi uwezo wake. Na baada ya kila mmoja yalisikika maneno yale yale ya kadari. Maneno hayo yana mahali pake: humshika mkono mfiwa asizame katika majonzi. Yakihamishiwa kwa aliyekata tiketi za ziada, yanakuwa dhuluma kwa mfiwa huyo huyo.

Ukarabati unaongeza ugumu wa aina yake. Plutarch, mwandishi wa Kiyunani, alisimulia jinsi Waathene walivyokuwa wakibadilisha mbao zilizooza za merikebu ya Theseus, hadi wanafalsafa wakabishana kama bado ni ile ile. Kanda hii ina mfano hai. Meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikasafirishwa kwa vipande hadi Kigoma na kushuliwa mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe, injini zikiwa zimepakwa grisi zisiharibike. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya. Baadaye injini za mvuke zikatolewa na kuwekwa za dizeli. Mtepe, chombo cha Wabajuni kilichotoweka katika karne ya 20, ulikuwa hivyo kwa asili yake: mbao zilishonwa kwa kamba za nazi bila misumari, na kamba hizo zilipaswa kushonwa upya kila mara.

Kwa swali la dhamana, jibu linaweza kutolewa bila kumaliza ubishi wa wanafalsafa. Chombo hubaki kimoja kwa kuwa amana yake hurithishwa. Fundi anayebadilisha ubao mmoja huwajibika kwa ubao huo, na pia kwa alichokiona wakati akiubadilisha. Akikuta taruma la jirani limeoza, hawezi kusema hakuitwa kwa ajili ya hilo. Fikihi ya biashara inakataza kuficha aibu ya kitu kinachouzwa. Sembuse aibu ya kitu kinachobeba roho. Ndiyo maana meli kubwa huwa na daftari la matengenezo linalosafiri nayo. Mashua ya Kiwayu haina daftari, ila ina mafundi wanaojuana kwa majina, na neno la fundi kwa fundi linapaswa kuwa na uzito ule ule.

Malighafi nazo zinaleta dhamana mpya. Lamu ina takriban asilimia 60 ya mikoko ya Kenya, na mwaka 2018 serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, mafundi walibanwa. Mwaka huo huo Lamu ilishua Flipflopi, chombo cha urefu wa mita 9 kilichoundwa na mafundi wa huko kwa plastiki iliyorejelewa na kuvishwa ndara zilizookotwa pwani. Mwaka 2019 kilisafiri hadi Zanzibar. Mbao zina uzoefu wa vizazi nyuma yake, plastiki haina. Kwa malighafi ngeni, uangalifu haupimwi kwa desturi. Hupimwa kwa majaribio ya wazi, kabla ya abiria kupanda.

Mpangilio wa ufuo na mpangilio wa kiwanda kila mmoja una upungufu ambao mwenzake anaujaza. Ufuoni dhamiri iko karibu, maana fundi atakutana na mjane msikitini. Lakini undugu na haya humzuia mtu kumwambia mjomba wake kwamba kazi yake ni mbovu. Kiwandani ukaguzi hauoni haya. Lakini cheti kinaweza kusainiwa na mtu ambaye hajashuka ngamani. Cheti bila ihsani ni karatasi, na ihsani bila mkaguzi inategemea kila mtu awe mwema kila siku.

Kadari, basi, haimwondolei yeyote hesabu yake. Fundi ashindilie mwanya kana kwamba wanawe ndio watakaopanda. Tajiri alipie kalafati kabla ya rangi. Mkaguzi asisaini asichokigusa. Na abiria akiona chombo kimelemewa, ashuke na awaambie wenzake washuke, kwa sababu kufanya hivyo ni sehemu ya kumtegemea Mungu.